Punda Mwenye Tumbo Tupu

Inspekta Pechi alifika stendi ya mabasi ya Senthalai saa saba na robo mchana, akakuta watu arobaini wamelala barabarani. Hawakuwa wamekufa, wala hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wafuasi wa mheshimiwa mbunge, na walikuwa wamelala kwa hasira, kila mmoja juu ya gazeti lake, maana hasira ni jambo jema lakini lami ya mwezi wa Mei haimjui mwanachama. Nyuma yao mabasi ishirini na mawili yalikuwa yamezima injini. Muuza vadai, zile bagia za dengu, alikuwa akiwaruka waliolala, kikapu kichwani, na biashara yake haikuwa mbaya hata kidogo.

"Wameapa hawainuki mpaka mtu akamatwe, Amma," alisema Koplo Arputham, aliyekuwa ametangulia kufika. Alikuwa na umri wa kumzaa Pechi, lakini kituo kizima kilimwita inspekta huyo Amma, yaani mama, na Arputham hakuwa mtu wa kugombana na desturi akiwa amebakiza miaka miwili astaafu. "Mheshimiwa mwenyewe yuko ofisini kwa mkuu wa stendi, kahawa ya tatu. Anasema ikigonga saa kumi bila mkosaji kupatikana, anampigia simu waziri. Akishapiga, mimi na wewe tutahamishiwa msituni kulinda tembo."

"Tembo hawafanyi mikutano ya hadhara," Pechi alisema. "Nioneshe huo ubao."

Ubao ulikuwa juu ya jukwaa namba moja, mpya kabisa, wa taa, mrefu kama basi, na bado umevaa shada la maua ya manjano ya uzinduzi. Sasa ulikuwa umezimwa. Lakini Arputham alikuwa amenakili kwenye daftari lake kila neno lililotokea saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, pale basi maalumu la mheshimiwa lilipoingia kwa ngoma na zumari, watu mia tatu wakitazama juu.

NIMEFIKA 1.
PUNDA AMEINGIA.
PUNDA ANA TUMBO TUPU.
NIMEFIKA 2.
PUNDA HANA MKIA, ENDELEA TU.

Pechi alisoma, akamgeuzia Koplo mgongo, akautazama ukuta kwa muda mpaka mabega yake yalipotulia.

"Unalia, Amma?"

"Nachunguza rangi ya ukuta. Hili la tumbo ndilo lililomchoma?"

"Ndilo hasa. Jana alifunga kula kudai maji ya ziwa."

Pechi alijua. Nani hakujua? Mheshimiwa Veerabadran alikuwa ameketi ndani ya hema mbele ya soko, akafunga tangu baada ya kifungua kinywa hadi kabla ya chakula cha jioni, na mji mzima ulikuwa umenusa biriani iliyokuwa nyuma ya pazia. Mheshimiwa alijua kwamba mji umenusa. Kwa hiyo leo, mbele ya umati uleule, ubao wa serikali unapomwita punda mwenye tumbo tupu, hilo si tusi tu, hilo ni chumvi kwenye kidonda kibichi.

*

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa ndani ya chumba cha mitambo, kajiinamia, kucha zote kumi amekwisha kuzitafuna. Aliitwa Kuyili, binti wa miaka ishirini na sita, kibarua wa muda, na yeye ndiye aliyeandika skripti inayouambia ubao nini cha kuonesha.

"Kaa sawa," Pechi alimwambia. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba mheshimiwa ni punda?"

"Punda nilimwandika mimi, Amma. Mheshimiwa alijiingiza mwenyewe."

Koplo alikohoa ndani ya kiganja.

"Maneno ya namna hiyo yatakupeleka mbali, mdogo wangu," Pechi alisema, "na huko mbali kuna nondo madirishani. Unasubiri kazi ya serikali, sivyo? Nimeambiwa umefaulu mtihani."

"Barua ya ajira inakuja mwezi ujao. Ikionekana nina jalada polisi, haiji tena. Mtihani huo nimeufanya mara nne, Amma. Mara nne!"

"Basi nieleze kama unavyomweleza mtu mjinga. Koplo hapa atasaidia kuwa mjinga."

"Nipo tayari," alisema Arputham, akafungua daftari.

Kuyili alivuta pumzi. Skripti, alisema, ni orodha ya maagizo tu. Kompyuta huisoma mstari kwa mstari kama karani mtiifu asiye na akili. Ikikwama haisemi imekwamia wapi, inanuna tu. Kwa hiyo mwandishi hupanda maneno njiani, ili kila inapopita ipige kelele.

"Ikipita hapa, iseme nimefika moja. Ikipita pale, nimefika mbili. Basi likisajiliwa, iseme punda ameingia. Likiwa halina tiketi hata moja iliyokatwa, tumbo tupu. Likiwa halina safari ya kurudi, hana mkia. Basi la mheshimiwa ndilo la kwanza kusajiliwa ubaoni leo, na lilikuwa maalumu. Halikukatiwa tiketi, wala halikuandikiwa safari ya kurudi."

"Kwa hiyo ubao haukusema uongo."

"Haukusema uongo hata neno moja."

"Na kwa nini punda?"

"Nikitaka kuyatafuta maneno yangu ndani ya skripti, lazima yawe maneno ambayo hayawezi kupatikana stendi."

"Umefanya kazi hapa miezi mingapi?"

"Mitano."

"Na bado unaamini punda hawapatikani stendi?" Pechi alivuta kiti. "Haya. Kelele hizo zilikuwa za masikio ya nani?"

"Yangu peke yangu, wakati wa majaribio. Wakati ule ubao ndio ulikuwa skrini yangu. Lakini kuna swichi, Amma! Naapa kuna swichi. Kila inapoamka, skripti inafungua faili la mipangilio, lile lenye ratiba, inatazama mstari wa kwanza. Mstari ukiwa mtupu, inanyamaza na kuonesha mabasi tu. Ukiwa na kitu, inasema yote. Mimi huandika neno 'sema' pale juu. Nikimaliza nalifuta."

"Ukiwa na kitu. Kitu gani?"

"Chochote. Hata nukta. Nilifanya uvivu. Kuuliza 'pana kitu?' ni rahisi kuliko kuuliza 'ni kitu gani?'"

"Sisi polisi pia tuna uvivu huo," Pechi alisema. "Endelea. Leo nani kaandika 'sema'?"

Hapo Kuyili alifumba macho. "Ndipo ninapochanganyikiwa. Fujo ilipoanza nilikimbilia faili. Nilitazama, hakuna 'sema'. Niliiamuru kompyuta ilitafute neno hilo kwenye faili zima, ikasema hakuna. Kuna mtu ameliandika asubuhi, halafu amelifuta kabla sijafika. Na mtu huyo si mimi, lakini nani ataniamini? Mwenye punda ni mimi."

Koplo aliandika *mtu ameandika, mtu amefuta,* akapiga mstari chini yake mara mbili. Sasa kesi ilikuwa na sura ya kesi.

*

Mtuhumiwa wa pili alijileta mwenyewe, jambo ambalo Pechi hakulipenda. Alikuwa Nizamudin, fundi aliyeufunga ubao, na mjomba wake alikuwa amegombea ubunge dhidi ya Veerabadran akashindwa kwa kura mia moja na tisa.

"Nimesikia mnamtesa binti wa watu," alisema mlangoni. "Aliyewasha ni mimi."

Arputham aliinuka na pingu mkononi. Pechi alimketisha kwa jicho.

"Umewasha nini, kaka?"

"Ubao, nini tena? Saa tatu na nusu. Umeme niliuwasha mimi, taa nilizipima mimi. Kama umeharibika niulizwe mimi."

"Ubao haukuharibika. Umesema sana."

"Ah." Nizamudin alifikiri. "Kusema mimi sijui. Mimi ni wa nyaya."

"Nywila ya kompyuta unaijua?"

"Kila mtu anaijua, Amma. Imebandikwa kwenye skrini isipotee."

Pechi aligeuka. Kweli, pale kwenye kona ya skrini palikuwa na karatasi, na maandishi yake yalisomeka kutoka mlangoni bila miwani.

"Saa nne na dakika kumi na nne ulikuwa wapi?"

"Juu ya ngazi. Shada la maua lilikuwa linateleza, nikaambiwa nilishike mpaka mheshimiwa akate utepe. Nililishika. Tusi lilipita hapa, sentimita ishirini kutoka puani mwangu. Na niliendelea kulishika, maana hakuna aliyeniambia niliachie."

Mashahidi mia tatu walikuwa wamemwona. Pingu zilirudi mfukoni. Koplo alisikitika waziwazi: mpinzani wa kisiasa, fundi, mwenye nywila, kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri kasoro ile ngazi.

Pechi hakusikitika. Kabla hajawa inspekta alikuwa amekaa miaka tisa akiwachemshia chai wakubwa waliokuwa wakifunga kesi kwa mtu aliyekaa karibu na mlango, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda kuwaomba radhi waliosingiziwa. Kutoka jikoni alitoka na utaratibu mmoja: kila aliyegusa jambo aandike maelezo yake, kwa mkono wake, kwenye karatasi tupu. Mdomo una mazoezi, alikuwa akisema, mkono hauna.

Wote wakapewa karatasi. Kuyili, Nizamudin, na wa tatu Bwana Thanikachalam, mkuu wa stendi, mzee wa miaka hamsini na nane, mistari mitatu ya majivu matakatifu kwenye paji la uso, wiki tatu kabla ya kustaafu. Aliandika polepole kwa hati nzuri ya zamani. Asubuhi alifungua ofisi saa kumi na mbili. Aliingiza ratiba ya basi maalumu kwenye kompyuta kama alivyoagizwa na makao makuu. Hakuona neno 'sema', hakuandika neno 'sema', hakufuta neno 'sema'. Alimpokea mheshimiwa kwa shali. Mengine Mungu anajua.

"Ayya, mzee wangu, nichapie faili hilo," Pechi alimwomba Thanikachalam. "Lote, kama lilivyo."

Mzee alichapa, akaleta karatasi kwa mikono miwili. Juu palikuwa na kigoe cha mungu Pillaiyar kama kwenye karatasi yoyote ya mji ule, kisha ratiba: basi la Trichy saa kumi na mbili, la Tanjore saa kumi na mbili na nusu, na kuendelea hadi chini. Pechi aliisoma mara mbili kutafuta kilichofutwa. Hakikuwepo, ndivyo vitu vilivyofutwa vilivyo.

*

Saa tisa na dakika ishirini kelele za nje zilipanda. Wafuasi walikuwa wamechoka kulala upande mmoja, wakageukia wa pili. Mheshimiwa alimtuma mtu kuuliza kama Inspekta anataka aletewe kitanda.

Pechi alipanga karatasi zote mezani safu moja. Maelezo ya Nizamudin, ya Kuyili, ya mzee Thanika. Daftari la Koplo. Daftari lake mwenyewe. Faili lililochapwa. Akakaa akizitazama, na macho yake hayakusogea kushoto wala kulia.

"Unasoma nini, Amma?" Arputham aliuliza.

"Sisomi. Natazama juu. Koplo, kwenye daftari lako, kabla ya neno la kwanza, hiki ni nini?"

"Msalaba mdogo. Naweka kila ukurasa. Mama yangu alinifundisha."

"Nizamudin kaweka nini?"

"Saba, nane, sita. Nambari za baraka za Waislamu."

"Mzee Thanika?"

"Kigoe cha Pillaiyar."

"Na mimi?"

"Kigoe cha Pillaiyar." Koplo alianza kupata wasiwasi. "Kuna ubaya gani, Amma? Kila mtu anaweka. Mtoto hafungui mtihani bila kumwekea Pillaiyar, mungu mwenye kichwa cha tembo, alama yake, ili vikwazo viondoke njiani."

"Na Kuyili?"

Koplo aliinua karatasi ya binti, akaigeuza, akaichungulia dhidi ya mwanga. "Hajaweka kitu."

"Babu yangu alikuwa wa mashati meusi," Kuyili alisema kutoka pembeni, kama anayejitetea. "Wale wa kukataa miungu. Kwetu aliyechora kile kigoe alinyimwa mchuzi."

"Vizuri sana. Njoo hapa wewe wa bila mchuzi." Pechi alimsogezea faili lililochapwa. "Nioneshe mstari wa kwanza."

"Basi la Trichy, saa kumi na mbili."

"Kwa kidole. Anza juu kabisa."

Kuyili aliweka kidole kwenye basi la Trichy. Akakipandisha, akakuta mstari mtupu. Akakipandisha tena. Kidole kilisimama juu ya kigoe kidogo chenye mkia mrefu, herufi ya alfabeti yao iliyojikunja kama mkonga. Mdomo wake ulifunguka ukakaa wazi.

"Lakini hicho... hicho si kitu, Amma. Hicho huwa kipo tu!"

"Ndiyo maana hukukiona, na mimi nimekisoma mara mbili sikukiona. Wewe ulitafuta 'sema', kompyuta ikakuambia kweli, hakuna 'sema'. Lakini skripti yako haikuuliza ni kitu gani. Iliuliza kama pana kitu. Na maskini kompyuta haijasoma shule za hapa." Pechi aligeuka. "Ayya, faili hilo kabla ya leo ulikuwa umewahi kuliandikia?"

Mzee Thanika alikuwa amesimama mlangoni, na hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Leo mara ya kwanza," alisema. "Zamani alikuwa akiandika binti. Kazi mpya, siku ya uzinduzi, mgeni mkubwa anakuja... Miaka thelathini na nne sijaanza ukurasa bila Yeye. Ningeanzaje?" Alijifuta uso kwa shali, majivu yakahamia shalini. "Kwa hiyo ni mimi. Niliomba vikwazo viondoke, nikajaza barabara. Nikamate, Amma. Mwache mtoto, ana barua inakuja."

"Hapana, ayya!" Kuyili aliruka. "Wewe una pensheni! Swichi mbovu ni yangu, na punda ni wangu!"

"Nyamaza, mtoto."

"Sinyamazi!"

"Miaka kumi na sita kwenye polisi," Pechi alimwambia Koplo, "nilikuwa nikitafuta mtu mmoja wa kukiri. Leo wanagombania."

Mlango ulipigwa kikumbo. Mheshimiwa Veerabadran aliingia, shati jeusi limepigwa pasi mpaka linakata, nyuma yake wapambe wanne. Alikuwa amesikiliza dirishani.

"Alama ya mungu!" alinguruma. "Ndani ya mtambo wa umma! Chama changu kimepigana na ushirikina huu tangu enzi za babu zetu, kumbe umejificha kwenye ratiba! Inspekta, mzee huyu ameutusi umma na akili zake. Mtie ndani. Na binti naye, kwa ajili ya punda."

"Saa tisa na hamsini," Koplo alinong'ona.

Mzee Thanika alinyosha mikono mbele, viganja juu. Kuyili alimshika mkono mmoja akauvuta chini.

"Nitawakamata wote wawili, mheshimiwa," Pechi alisema, akatoa karatasi tupu. "Nikipata malalamiko ya maandishi. Kwa mkono wako mwenyewe. Bila hayo sheria hainiruhusu kukamata hata kuku. Na tukayaandikie nje, pale kaunta ya jukwaa namba moja, ili watu wako waliolala juani washuhudie."

Hilo lilimpendeza mheshimiwa. Kutokea nje mbele ya watu kulimpendeza siku zote.

Arobaini waliinuka kwenye magazeti yao, wengine habari za jana zimechapika mgongoni mwa mashati. Abiria walitoa vichwa madirishani. Muuza vadai alipanda juu ya tofali aone vizuri. Mheshimiwa aliiweka karatasi kaunta, akachomoa kalamu ya dhahabu, akakunja mkono wa shati jeusi.

"Tazameni!" alisema kwa sauti ya jukwaani. "Namna akili inavyoushinda ushirikina!"

Kalamu ikashuka. Ilishuka juu kabisa ya ukurasa, katikati, bila haraka, kama ng'ombe anayerudi zizini bila kuchungwa, ikachora kigoe kidogo, ikakivutia mkia mrefu. Kisha ikashuka chini yake na kuandika: *Kwa Inspekta wa Polisi.*

Hapo ikasimama.

Mheshimiwa aliitazama karatasi. Wapambe wanne waliitazama karatasi. Waliokuwa mbele wakawanong'oneza wa nyuma, mnong'ono ukapita jukwaa hadi jukwaa mpaka ukafika kwenye basi la mwisho, na huko mtu akapiga honi.

"Mheshimiwa," Pechi aliuliza kwa adabu kubwa, "orodha ya wa kukamatwa nianze na jina la nani?"

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha muuza vadai, ambaye alishuka kwenye tofali ili asianguke. Veerabadran aliikunja karatasi mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni mwa shati jeusi, juu ya moyo. Halafu akawageukia wafuasi wake, uso umeiva.

"Na nyinyi nani aliwaambia mlale barabarani? Watu wana safari! Basi la pili la Trichy limechelewa saa tano!"

*

Saa kumi na robo injini ishirini na mbili zilikuwa zinanguruma. Ndani ya chumba cha mitambo Kuyili aliandika upya mistari miwili kwenye skripti: isijali kama pana kitu pale juu, itazame kama ni 'sema', hilo neno zima, na si kingine. Alipofika kwenye faili la ratiba, kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, akasita, akamtazama mzee.

Mzee alikuwa anatazama kigoe chake.

"Kikae," Kuyili alisema. "Sasa hakinisumbui."

Ubao uliwaka: TRICHY, JUKWAA LA KWANZA, LINAONDOKA. Kutoka mlangoni wote wanne, Kuyili, mzee, Pechi na Koplo, waliukodolea macho wakisubiri mstari wa pili. Haukuja.

"Na punda?" mzee Thanika aliuliza kwa kunong'ona.

"Wamelala, ayya."

Inspekta Pechi aliketi kwenye benchi chini ya ubao kuandika ripoti ya kufunga kesi. *Hakuna kosa la jinai. Hakuna mtuhumiwa. Jalada halikufunguliwa.* Koplo Arputham alichungulia juu ya bega lake, macho yake yakapanda hadi kileleni mwa ukurasa, yakabaki pale.

"Usiseme neno," Pechi alimwambia. "Nenda kanunue vadai."